Maji magumu yapimwe kabla ya mabomba kulazwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wakazi wa maeneo ya mbali wanaotegemea visima virefu wanaishi nalo kila siku, lakini ambalo ni nadra kuingizwa katika mipango ya miradi ya maji. Nalo ni ugumu wa maji ya ardhini, yaani wingi wa madini ya kalsiamu na magnesiamu ndani yake, pamoja na ukoko mweupe ambao maji hayo huuacha katika vyombo na mabomba.

Mimi ni fundi wa pampu na mabomba. Niliwahi kuitwa kwenye zahanati moja ambako maji ya moto yalikuwa yakidondoka tone moja moja. Wahudumu walikuwa wameambiwa kwamba pampu imechoka, na kamati ya maji ilikwisha kuanza kuchangisha fedha za kununua nyingine. Nilipolikata bomba linalotoka kwenye tangi la kupashia maji, nilikuta kwamba tundu lililokuwa likiingia kidole gumba sasa halipitishi hata penseli, na sehemu yote iliyobaki ilikuwa jiwe jeupe lililojipanga tabaka juu ya tabaka. Pampu ilikuwa nzima na kisima kilikuwa na maji tele.

Chanzo cha ukoko huo kinaeleweka vizuri. Maji ya mvua yanapopenya udongoni hukusanya hewa ya ukaa, yakapata ukali kidogo unaoyawezesha kuyeyusha mawe ya chokaa na kubeba kalsiamu na magnesiamu. Yakipashwa moto, hewa ile hutoka na chokaa hurudi kuwa jiwe, ndiyo maana birika huvaa ukoko mapema kuliko mtungi. Watu wengi huyaita maji haya "maji ya chumvi", na jina hilo linatuponza, kwa sababu chumvi hasa haipungui kwa kuchemsha, ilhali sehemu ya ugumu hutuama chini ya sufuria maji yakichemka.

Niseme wazi kwamba ugumu wenyewe si sumu, na Shirika la Afya Duniani halijauwekea kikomo kwa sababu za kiafya. Hasara yake iko kwenye sabuni inayogeuka utando badala ya povu, kwenye kuni na umeme unaopotea kupasha moto jiwe kabla ya maji, na kwenye vali zinazokwama. Floraidi, ambayo ni madini mengine yanayoweza kuwamo katika maji ya kisima, ni jambo jingine kabisa. Haina rangi, haiachi ukoko, kikomo chake ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuchemsha huizidisha kwa kuwa maji hupungua nayo hubaki. Kisima kinaweza kuwa na vyote viwili, kwa hiyo kila kimoja kipimwe peke yake.

Mahali pasipo na maabara, kipimo cha kwanza ni chupa safi, maji kidogo na vipande vichache vya sabuni ya mche. Itikiswe sambamba na chupa nyingine yenye maji ya mvua, na tofauti ya povu itaonekana hapo hapo. Sabuni ya unga haifai kwa jaribio hili kwa sababu hutoa povu hata katika maji magumu. Hata hivyo, jaribio hilo halitoi tarakimu, na mradi unahitaji tarakimu: maji yenye ugumu unaozidi miligramu 180 kwa lita huhesabiwa kuwa magumu sana.

Ninachokipinga ni mazoea ya kukimbilia mtambo wa kulainisha maji yote ya kijiji. Mtambo huo hutoa kalsiamu na kuweka sodiamu mahali pake, kiasi kwamba maji yenye ugumu wa miligramu 400 yakilainishwa yote huongezewa takriban miligramu 184 za sodiamu kwa kila lita, jambo lisilowafaa watoto wachanga wala wagonjwa waliokatazwa chumvi. Tena unahitaji magunia ya chumvi ya kuurudishia sodiamu hiyo, yasafirishwe mwaka mzima, na maji yake machafu ya chumvi kali yakimwagwa karibu na kisima huharibu kisima chenyewe. Ni afadhali kulainisha maji ya tangi la moto na ya kufulia tu, maji ya kunywa yakaachwa yalivyo, na mvua ikavunwa kila inapowezekana.

Ukoko uliokwisha kushika huyeyuka kwa siki au asidi ya limau, ambayo huachwa itoe mapovu mpaka yaishe, kisha chombo kikasuuzwa mara kadhaa. Nawasihi wasomaji wasitumie asidi ya betri, na kamwe wasichanganye asidi yoyote na dawa ya klorini, kwa kuwa hewa inayotoka hapo inaweza kuua.

Ombi langu kwa wanaobuni na kufadhili miradi hii ni kwamba cheti cha vipimo vya maji kikabidhiwe kwa kamati pamoja na funguo za nyumba ya pampu, na kwamba mabomba ya maji ya moto yafungwe kwa yunioni, yaani viungio vinavyofunguka kwa spana, ili kipande kiweze kufunguliwa na kusafishwa kila baada ya miezi michache bila msumeno.

Wako mtiifu,
Fundi wa visima