Hijabu ya mwanangu isitegemee roho ya mwalimu mkuu

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu. Binti yangu anasoma sekondari moja ya serikali hapa Mombasa, sitaitaja, na kila asubuhi akishuka matatu anasimama kabla ya geti anavua hijabu, pini anazibana kwa meno, anaikunja taratibu anaitia kwa begi chini ya vitabu, jioni anaivaa tena palepale kando ya barabara watu wakipita. Mwaka wa pili sasa na mimi bado sijazoea.

Nilienda kuuliza nikaambiwa ndio sheria ya shule, eti korti ilishamaliza. Ni kweli Januari 2019 Supreme Court ilitengua uamuzi wa Court of Appeal wa 2016 uliokuwa umeruhusu hijabu shuleni, ile kesi ya shule ya Isiolo, basi ikabaki kila shule na lake. Huku mtoto anavaa, kule anavuliwa, na walimu wote wanalipwa na serikali hiyohiyo. Katiba kifungu cha 32 imetupa haki ya kufuata dini zetu, sasa iweje haki yenyewe ingojee roho ya mwalimu mkuu?

Wengine watasema kifungu cha 8 kimesema Kenya haina dini ya serikali, kwa hivyo dini ibaki nyumbani. Hapana jamani, maana yake serikali isipendelee. Katiba hiyohiyo kifungu cha 170 imeweka kadhi, na huku Pwani makadhi wako tangu enzi za Sultani, hakuna Mkristo aliyeburutwa kwao.

Na siwasemei Waislamu peke yao. Jirani yangu Msabato, mwanawe alikosa tuisheni ya Jumamosi kwa sababu ya kanisa, Jumatatu akapigishwa magoti mbele ya wenzake.

Sisemi kila kitu kiachwe kwa vile kimetajiwa Mungu. Shakahola ni hapo tu Kilifi, 2023 ilianza kufukuliwa miili ya waumini walioambiwa wafunge mpaka wafe, ikapita 400, na watoto wamo. Pale serikali ilitakiwa kuingia mapema na kwa nguvu. Lakini kitambaa cheupe kichwani kimemdhuru nani?

Wizara ya Elimu itoe mwongozo mmoja wa maandishi kwa shule zote za umma, hijabu ya rangi ya yunifomu iruhusiwe, na mtoto asiadhibiwe kwa siku yake ya ibada. Mdogo wake huyu binti anaingia sekondari mwakani, na juzi ameniuliza, mama, na mimi nitakuwa navulia wapi?

Mzazi, Kisauni