Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Lindi

Ndugu wanachama,

Mambo ya fedha atayasema mweka hazina. Mimi nitabaki kwenye kazi iliyotutoa jasho mwaka huu: kumfuatilia mwanafunzi yule yule mwaka hadi mwaka.

Matokeo ya darasa la saba yakitoka, tunapongezana au tunalaumiana kwa asilimia. Asilimia hiyo ni ya waliofanya mtihani. Mtoto aliyeacha shule darasa la tano, akawafuata wazazi kwenye mikorosho huko Liwale, hayumo. Kwa hiyo shule inaweza kupanda ufaulu huku ikipoteza watoto njiani, na tukaipigia makofi.

Walioanza darasa la kwanza Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza, walitakiwa kumaliza la saba 2022. Nani hakufika? Alipotea msimu wa korosho, au baada ya mwalimu wake kuhamishwa? Wastani wa shule haujibu.

Kumbukumbu zipo. Mtoto ana namba ya PReM, yaani namba ya utambulisho wake kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani, akihama inahama naye. Kuna rejista za mahudhurio na upimaji wa darasa la nne. Ila kila karatasi ina kabati lake. Shule zilizotukubalia tumeanza kuziunganisha, majina tumeyaondoa, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 si ya kuchezea. Wapo walimu wakuu waliotuona wapelelezi. Siwashangai.

Wanaouliza faida nawapa mfano wa Tennessee, Marekani. Kuanzia 1985, watoto wapatao 11,600 na walimu wao waligawanywa kwa bahati nasibu: madarasa ya watoto 13 hadi 17, na ya 22 hadi 25. Madarasa madogo yalifanya vizuri zaidi. Uhondo ulikuja baadaye: watafiti waliunganisha kumbukumbu hizo na za kodi, wakakuta waliofundishwa chekechea na mwalimu mzoefu wana kipato kikubwa zaidi ukubwani. Darasa la watoto 13 kwetu ni ndoto, lakini kutunza rejista hakuhitaji mfadhili.

Naomba azimio moja: takwimu hizi zisitumike kupanga walimu nani wa kwanza, nani wa mwisho. Mwalimu aliyepokea watoto wasiojua kusoma akawafikisha kati, kwenye orodha ya namna hiyo ataonekana mzembe. Tukiruhusu hilo, mwakani rejista zitajazwa za kupendeza macho.