Kiti cha magurudumu kimefika, mlango haukipitishi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo huonekana dogo kwa sababu hutokea ndani ya kuta za nyumba za watu, nalo ni kukosekana kwa ruzuku ya kurekebisha nyumba wanamoishi watu wenye ulemavu hapa Zanzibar. Nimesema ruzuku kwa makusudi. Sikukusudia mkopo, wala hisani ya siku moja, na sababu ya kulishikilia neno hilo nitaieleza mbele.

Mdogo wangu alianguka mkarafuuni miaka sita iliyopita, akaumia uti wa mgongo, na tangu siku hiyo hana nguvu kuanzia kiunoni kwenda chini. Wanaoishi penye mikarafuu hawahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Shirika la ZSTC, lile la Serikali ya Zanzibar linalonunua karafuu, limewahi kuwafidia wachumaji walioanguka, na hilo ni la kushukuriwa, lakini fedha za namna hiyo humalizwa na matibabu na nauli za kuvuka bahari kabla majeruhi hajarejea kwao. Anaporejea ndipo huikuta nyumba ileile aliyoiacha akiwa mzima, yenye vidato, vizingiti na choo cha uani, na nyumba hiyo haina habari kwamba mwenyewe amebadilika.

Baada ya kungoja kwa muda alipata kiti cha magurudumu. Kilitolewa katika hafla, kukawa na hotuba na picha, na sote tulifurahi kwa dhati. Hakuna hata mmoja kati yetu, mimi mwalimu mstaafu nikiwa wa kwanza, aliyeuliza mlango wa nyumba yake una upana gani. Tulipofika nyumbani tukachukua futi ya fundi tukapima: kiti kina sentimita 65 kutoka gurudumu hadi gurudumu, mlango wa choo una sentimita 60. Sentimita tano hizo ndizo zilizoamua maisha yake kwa miaka minne iliyofuata.

Naomba wasomaji wanisamehe nikiyataja ya chooni, kwani ndiko hasa mambo yalikokwama. Kila asubuhi kiti kilisimamishwa nje ya mlango, mama yetu akatandika gunia juu ya saruji, na mdogo wangu akateremka na kujikokota kwa mikono hadi ndani, mahali ambapo sakafu huwa majimaji na hapana pa kushika ila ukingo wa pipa la maji. Mtu aliyeumia uti wa mgongo hahisi mkwaruzo. Saruji ilimchubua paja siku baada ya siku bila ya yeye kujua, mpaka mama alipoiona damu katika shuka, na mchubuko ule ukageuka kidonda kilichomlaza hospitali wiki tatu. Ukihesabu dawa, kitanda, nauli na siku ambazo mama hakwenda shamba, gharama ya kidonda hicho kimoja ilizidi gharama ya kuupanua mlango.

Tulijaribu kujisaidia. Msingi wa nyumba yetu umeinuka sentimita 45 kutoka ardhini, kama zilivyo nyumba nyingi za huku zinazojengwa kwa kuikimbia mvua ya masika, nasi tukamwaga zege la mteremko kutoka mlango wa uani kwa urefu wa mita moja na nusu, tukaona tumefanya kazi ya maana. Siku ya kwanza mpwa wangu alikisukuma kiti kupanda, kikamzidi nguvu, kikarudi nyuma na kumbwaga mwenyewe penye kiambaza cha banda la kuku. Baadaye fundi mmoja aliyewahi kujenga skuli alitueleza kanuni inayojulikana duniani kote, kwamba kwa kila sentimita moja ya kwenda juu mteremko unataka sentimita 12 za urefu. Sentimita 45 zetu, basi, zilihitaji mita tano na sentimita 40, na uani wetu mzima una mita tano. Ikabidi njia ikunjwe mara mbili, kila mkono mita mbili na sentimita 70, na penye kona kuwe na sehemu bapa ya mita moja na nusu ambapo kiti kinaweza kugeuka na msukumaji akavuta pumzi. Zege la mwanzo tulilivunja kwa nyundo. Njia ya pili, pamoja na vyuma vya kushikilia na ujira wa fundi, ilitugharimu shilingi 640,000, na mtu asisahau kwamba saruji ya Pemba imeshavuka bahari kabla haijafika dukani. Mama yetu anapokea Pensheni Jamii, malipo ya Serikali kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, ile iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na ambayo baadaye ilipandishwa hadi shilingi 50,000. Angeiweka yote, asinunue hata kibaba cha mchele, ingemchukua zaidi ya mwaka kuilipia njia hiyo, na hapo choo hakijaguswa.

Nilikwenda katika ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja kwa sababu waliokuwapo walinipokea kwa adabu, kuuliza kama pana fungu la kazi kama hiyo. Nikajibiwa kwamba msaada uliopo ni wa vifaa, na nyumba ni mali ya mtu binafsi. Jibu hilo nimelitafakari sana. Kiti cha magurudumu nacho, kikishatolewa, huwa ni mali ya mtu binafsi, na wala hatukioni kuwa ni dhambi. Kama Serikali na wahisani wanaweza kumpa mtu chombo cha kutembelea, sioni kwa nini wasiweze kumpa mita tano za kukitembezea.

Nchi nyingine zimelivuka swali hili zamani. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1996, halmashauri ya mtaa inalazimika kumpa ruzuku mtu mwenye ulemavu anayestahiki ili milango ipanuliwe, mteremko ujengwe, choo na bafu viteremshwe chini, au hata taa na vipasha joto viwekwe anapoweza kuvifikia. Kiwango cha juu kwa England ni pauni 30,000, na kwa Wales ni pauni 36,000. Mtaalamu hufika nyumbani kupima mwili wa mtu pamoja na nyumba yake, halmashauri hutakiwa kutoa jibu ndani ya miezi sita tangu ombi lilipopokelewa, na kwa mtoto pato la wazazi haliangaliwi. Sitaki kuwapamba. Wananchi wa huko hulalamikia foleni, na kile kiwango cha pauni 30,000 kimesimama palepale tangu mwaka 2008 ilhali bei za ujenzi zimepanda. Kwa hiyo sisi tukianza, kiwango chetu kifungamanishwe na bei ya saruji na nondo, kisiachwe kuzeeka ndani ya kanuni. Wala sisemi tuwaige kwa fedha, maana hatunazo. Ninachokitamani ni ule utaratibu wa mtu kuwa na haki ya kuomba, kupimwa, na kujibiwa kwa tarehe.

Kwa upande wa sheria hatuko mikono mitupu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 28 ya Mkataba huo inayataja makaazi ya kutosheleza kuwa sehemu ya kiwango cha maisha ambacho mtu ana haki nacho. Zanzibar tulikuwa na Sheria Namba 9 ya mwaka 2006, na leo tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 8 ya mwaka 2022, na tunalo Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Mjadala wetu wa ufikiaji, hata hivyo, umebaki kwenye majengo ya umma: skuli, hospitali, mahakama, vituo vya kupigia kura. Ni mjadala wa haki kabisa. Lakini kituo cha kura mtu hukifikia mara moja katika miaka mitano, na choo chake anakihitaji kabla ya sala ya alfajiri.

Wapo watakaosema kwamba mikopo ipo. Ndiyo ipo, na wenzetu wa Bara wamefika mbali zaidi kwa kutenga asilimia mbili ya mapato ya ndani ya halmashauri kuwakopesha watu wenye ulemavu bila riba. Mikopo hiyo, hata hivyo, ni ya biashara, na hurejeshwa kwa faida ya cherehani, ya ng'ombe wa maziwa au ya duka. Mlango wa choo uliopanuliwa hauuzi kitu. Ukimkopesha mtu fedha za kuujenga, umemwachia mlango na deni kwa pamoja, na kwa aliyeumia kama mdogo wangu deni hilo litalipwa na mama wa miaka 70 na zaidi. Ndiyo maana nikasema ruzuku.

Kuna kizuizi kimoja ambacho ni chetu wenyewe na ambacho hakitatatuliwa kwa kunakili sheria za watu. Nyumba nyingi za huku ni za urithi ambao haujagawiwa. Warithi wa nyumba yetu ni saba, wawili wako Dar es Salaam, mmoja yuko Muscat, na yupo ambaye aliposikia tunavunja ukuta alipiga simu kuuliza nani ametoa ruhusa. Ofisi yoyote yenye tahadhari itasita kutia fedha katika nyumba ya namna hiyo. Nadhani njia ipo: warithi walioko shehiani watie saini mbele ya sheha, kiongozi wa Serikali katika shehia, kwamba mwenye ulemavu ataishi humo kwa miaka isiyopungua mitano, na kwamba matengenezo hayampi yeyote hisa zaidi ya fungu lake la mirathi. Waingereza nao humtaka mwombaji athibitishe nia ya kuishi katika nyumba hiyo kwa miaka mitano, isipokuwa afya yake imzuie, na mwenye kupanga huhitaji ridhaa ya mwenye nyumba. Kwetu sisi sheha anaijua kila nyumba na kila ugomvi uliomo, na katika jambo hili ujuzi wake una thamani kuliko hati.

Nyumba za maendeleo, yaani majumba ya ghorofa yaliyojengwa na Serikali, ni suala jengine. Majumba ya Michenzani kule Unguja na yale ya mijini huku Pemba yalijengwa katika zama ambazo mtu alishukuru kupata umeme na maji ya mfereji, na ngazi haikuwa hoja kwa mtu yeyote. Waliohamia wakiwa vijana leo ni wazee wa ghorofa za juu. Kuweka lifti katika majumba hayo ni kazi kubwa kuliko ruzuku ninayoizungumzia, lakini kumbadilishia mzee nyumba, ateremke ghorofa ya chini na kijana apande juu, hakuhitaji hata mfuko mmoja wa saruji.

Fedha zitoke wapi? Mimi si mtaalamu wa bajeti. Najua tu kwamba Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu Wazanzibari 1,889,773, kwamba wanaohitaji kazi ya aina hii majumbani ni sehemu ndogo ya hesabu hiyo, na kwamba wengi wao wanahitaji mteremko, mlango, kiti cha choo na vyuma viwili vya ukutani, basi. Wawakilishi wetu wanaweza kuanza na wilaya mbili, moja Unguja na moja Pemba, kwa fungu linalosomeka kwa jina lake katika bajeti, lisije likafichwa ndani ya "misaada mbalimbali". Malipo apewe fundi kwa awamu, na awamu ya mwisho ishikiliwe mpaka mwenye kiti apite mwenyewe mlangoni mbele ya mkaguzi. Wa kupima wapo: Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, ulioanzishwa mwaka 1985, umekuwa ukiziendea familia vijijini kwa miaka mingi, na hospitali zetu zina watu wa mazoezi ya viungo ambao wangefurahi kuiona nyumba ya mgonjwa mara moja kuliko kumpokea kila mara na kidonda kilekile. Na yeyote anayegawa viti vya magurudumu, awe Serikali au mfanyabiashara mwenye kutafuta thawabu, aende kwanza na futi.

Kwetu, njia ya uani imekamilika na mdogo wangu huteremka peke yake jioni hadi barazani kwa jirani. Choo bado. Mlango wa zamani tumeshaung'oa na umeegemezwa kiambazani, pazia ndilo linalositiri kwa sasa, na fremu ya sentimita 90 iko kwa seremala, ambaye ameniambia hataitoa kabla sijamaliza kumlipa shilingi 85,000 zilizobaki.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba