Tupolev naye atajwe

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme kuhusu hizi hadithi za marubani mashujaa, maana kila zikisimuliwa naona zinaishia palepale wanasiasa walipotaka ziishie.

Chukua safari ya Valery Chkalov, rubani wa Umoja wa Kisovieti. Juni 1937 yeye na wenzake wawili, Baidukov na Belyakov, waliondoka Moscow wakapita Ncha ya Kaskazini mpaka Vancouver, ile ya jimbo la Washington kule Marekani, saa 63 hivi angani bila kutua na ndege yenyewe injini moja tu! Barafu inaganda kwenye mabawa, hewa ya kupumua inapungua, na wao wanasonga. Huo ni ujasiri mtupu na mtu asije akawanyang'anya sifa yao.

Ila angalia serikali ilivyoitumia. Mwaka mmoja kabla, walivyoruka kwenda mashariki ya mbali na ndege hiyohiyo, njia yao iliitwa Njia ya Stalin, yaani watu watatu wanahatarisha roho zao alafu jina linaloandikwa ni la mtawala aliyekaa ofisini. Mwaka 1938 mji wa Orenburg nao ukapewa jina la Chkalov, ukabaki nalo mpaka 1957.

Na Andrei Tupolev je, ambaye ofisi yake ndo iliyobuni ile ndege? Miezi minne tu baada ya safari akakamatwa, wakati ule watu wanakamatwa kwa maelfu, akawekwa ndani na akawa anachora ndege akiwa mfungwa, wakaja kumwachia 1941. Hii inaniuma sana kwa kweli. Magazeti yanashangilia ndege, fundi wake yuko gerezani, na mshangiliaji hajui kama kuna kitu kimefichwa.

Sio Wasovieti peke yao. Italia 1933 Balbo, waziri wao wa mambo ya anga, alipeleka kundi zima la ndege mpaka Chicago, Mussolini aliyekuwa akiitawala Italia akaona haitoshi akawatumia watu wa Chicago na nguzo ya kale ya Kirumi, na iko pale mpaka leo.

Chkalov mwenyewe alikufa Desemba 1938 akijaribu ndege mpya, miaka 34 tu, akazikwa kwenye ukuta wa Kremlin kwa heshima zote. Kwahiyo mhariri, mkiandika tena habari ya ile safari ya Ncha ya Kaskazini, naomba muandike na jina la Tupolev, na tarehe aliyokamatwa pia: 21 Oktoba 1937.

Msomaji wenu