Kwa Hamadi, kuhusu kile kipanya

Mpendwa swahiba Hamadi,

Salamu nyingi. Sisi wazima, nami naomba barua hii ikukute mzima pia, wewe na wote nyumbani. Swali lako nililipata: hivi vipanya vya kompyuta vya kuchezea magemu, vya bei ya kuumiza, vina kitu kweli, au mtu analipia jina na taa? Nimekawia kukujibu kwa kuwa sikutaka kukusomea maneno ya kwenye boksi. Binamu yangu ananunua kila kitu kikitoka, naye ana Razer Viper V3 Pro, ile ya mwaka 2024. Nikamwomba aniazime. Leo siku ya tisa, na ameanza kupita pita hapa akiuliza habari za afya yangu.

Taa za mapambo hakina hata moja, hilo tulimalize.

Kilichonishangaza ni uzito. Nilichukua mizani ya jikoni nikaweka changu cha siku zote: gramu 117. Nikaweka cha binamu: 54. Nikakigeuza kutafuta mahali pa betri, nikidhani kaitoa. Imo ndani, imefungiwa humo. Na hakijatobolewa matundu kama vile vingine vinavyofanana na chujio. Kimefunikwa chote, ila ukikiinua ni kama umeshika ganda la yai. Chini kina vipande laini vya PTFE, plastiki ileile ya kikaango kisichogandisha, basi kinateleza hata ukikipulizia.

Usiku wa kwanza niliaibika. Tulicheza lile gemu letu la zamani la kuviziana. Adui katokea kona ya kushoto, nikavuta mkono vilevile nilivyozoea, msalaba wa kulengea ukampita ukaishia ukutani. Nikaurudisha, ukampita tena. Nimekufa huku naupiga ukuta risasi. Mkono wangu ulikuwa umezoea kusukuma tofali, sasa umepewa unyoya unasukuma kwa nguvu zilezile. Siku ya nne ndipo ulipotulia, na hapo nikaonja utamu wenyewe: si kwamba napiga haraka zaidi, ila nikikosea njiani nawahi kurekebisha. Halafu kifundo cha mkono hakiniumi tena nikikesha. Hicho peke yake kingenifanya nitoe pesa.

Sasa zile namba wanazotangaza kwa herufi kubwa. Sensa yake, lile jicho la chini linalosoma mwendo, inafika DPI 35,000, yaani kishale kinaweza kwenda pikseli 35,000 kwa kila inchi unayosogeza mkono. Piga hesabu nami: skrini yenye pikseli 1,920 kwa upana, kwa kasi hiyo kishale kinaivuka yote ukisogeza mkono chini ya milimita moja na nusu. Ukipiga chafya umepotea. Mimi nimekaa kwenye 800, ambapo safari hiyohiyo inataka kama sentimita sita, na hiyo 800 hata kipanya chako cha sasa kinayo. Nyingine ni mapigo 8,000 kwa sekunde, yaani kipanya kinaripoti kwa kompyuta kila sehemu ya nane ya milisekunde. Vipanya vingi vya kawaida huripoti mara 125, kila milisekunde 8. Kutoka 125 hadi 1,000 niliona tofauti, sikufichi, kishale kinakuwa laini. Kutoka 1,000 hadi 8,000 sikuona kitu. Skrini yangu yenyewe ni ya picha 144 kwa sekunde, inabadilisha picha kila milisekunde 7 hivi, itanionyeshaje? Nilichoona ni betri: wenyewe wanasema inadumu hadi saa 95 kwenye 1,000, na 17 tu kwenye 8,000. Nikarudisha chini, nikalala.

Kuna jambo nililogundua kwa bahati, nalo halina gharama. Nikichokonoa mipangilio ya Windows nilikuta kile kisanduku kinachodai kuongeza usahihi wa kishale kimewekwa alama, sijui tangu lini. Kikiwa hivyo, umbali wa kishale haufuati mkono wako tu, unafuata na kasi: sogeza sentimita tano polepole kinafika hapa, sogeza tano zilezile kwa pupa kinafika kule. Mkono utajifunzaje kitu kisichotulia? Kuna magemu yanayokipuuza, lakini hili letu linakitii. Kitoe alama hiyo leo kabla hujafikiria kununua chochote.

Vitufe vyake viwili vikuu navyo vinatumia mwanga badala ya vibati vya chuma kugusana. Unakumbuka changu kilivyokuwa kinahesabu mbofyo mmoja kuwa miwili, hadi faili nililokuwa nalivuta likidondokea folda ya watu? Ugonjwa ule unatokana na vile vibati kuchakaa na kurukaruka vinapogusana. Kwenye mwanga hakuna cha kurukaruka.

Lakini wewe, Hamadi, unayetumia mkono wa kushoto, usikinunue hiki. Umbo lake ni sawa pande zote mbili, na picha zitakudanganya. Vitufe vya pembeni viko upande wa kushoto tu, vinamngoja gumba la mkono wa kulia. Nilijaribu kushika kwa kushoto nikikufikiria wewe: gumba linakuta ukuta mtupu, na vile vitufe vinaangukia kidole cha pete, nikawa nabonyeza kila ninapokaza mkono. Nilirusha bomu miguuni pangu mara mbili. Mimi nitatafuta chepesi kama hiki cha toleo la nyuma, hayo mapigo 8,000 wabaki nayo.

Niandikie jinsi unavyokishika chako: unalaza kiganja chote, au unakunja vidole kama makucha ya paka? Na unipimie urefu, toka kwenye kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Nitakuulizia cha mashoto.

Wako,
Juma