Shukrani kwa mama aliyetuletea uzi wa selo

Mama, uliondoka kabla hatujakuuliza jina, kwa hivyo nakushukuru hapa hadharani. Jumamosi pale Kisumu, uzi mnene wa selo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa ameketi, ulikatika watu wakiwa wameshaketi kusikiliza kipande changu kipya cha muziki wa fidla mbili, viola (fidla kubwa kidogo kuliko ya kawaida) na selo. Uzi ule ndio unaotoa noti ya Do ya chini kabisa. Viola nayo ina Do, lakini iko oktava nzima juu, yaani Do inayofuata kwenye ngazi ya sauti, haiwezi kuibeba. Na sehemu ya mwisho yote imeegemea hapo: selo inavuta Do moja ndefu, huku fidla zikiteleza kutoka noti hadi noti kama orutu, ile fidla ya Waluo yenye uzi mmoja. Bila Do hiyo, hakuna kipande.

Ukainuka kimya kimya, ukapanda bodaboda, ukarudi na uzi wa mwanao, ungali ndani ya karatasi yake. Pesa ukakataa. Uzi mpya hulegea haraka, ikabidi mpigaji aukaze kati ya sehemu na sehemu, lakini ulishika hadi mwisho.

Asante sana, mama. Mungu akuzidishie. Ukisoma haya, tafadhali nitafute: nimeshamnunulia mwanao uzi mwingine, na nakala ya noti nimemwekea.