Goldifishi amevimba na magamba yamesimama: kabla hujaja kununua dawa

Simu nyingi za dukani kwetu huanza hivi: "Kaka, goldifishi wangu amevimba, nije nichukue dawa gani?" Kabla hujapanda bodaboda, mtazame kwa juu. Kama magamba yametokeza nje mwili mzima, samaki kawa kama nanasi, basi maji yamejaa mwilini na mara nyingi figo zimeshalemewa. Bakteria, maji mabaya ya muda mrefu, hata uvimbe wa ndani, vyote humfikisha hapo. Wengi wakishafikia hali hii hawaponi. Tunasema mapema ili usimalize pesa kwenye chupa za dawa.

Anza na maji. Tuletee kidogo kwenye chupa safi, tunapima bure. Amonia na naitraiti, sumu mbili zinazotokana na uchafu wa samaki, zinatakiwa zisome 0. Amonia anaitoa samaki mwenyewe, zaidi kupitia matamvua, na wanaoimaliza ni bakteria waliojishikiza kwenye sponji ya filta. Umeme ukikatika usiku kucha, bakteria hao hukosa oksijeni na kuanza kufa, na wewe huoni kitu mpaka siku kadhaa baadaye. Kuna na wanaoisugua sponji chini ya bomba kwa nia njema kabisa. Klorini ya maji ya bomba inafanya kazi ileile ya kuua. Isuuze kwenye maji uliyoyachota tangini, basi.

Halafu kuna joto la Dar. Maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7.5 tu. Goldifishi asili yake ni maji ya baridi, kwa hiyo mgonjwa asikose pampu ya hewa, hata ile ya betri.

Mtenge kwenye ndoo ya lita 20 isiyowahi kuguswa na sabuni. Maji yawe yametolewa klorini na yawe na joto sawa na la tangi. Weka chumvi ya Epsom (magnesiamu salfeti) kijiko kimoja cha chai, koroga mpaka iyeyuke. Chumvi ya jikoni ni kitu kingine. Ndoo haina filta, kwa hiyo badilisha nusu ya maji kila siku, na maji mapya nayo yatiwe chumvi kwa kipimo hichohicho. Siku mbili tatu za mwanzo usimlishe. Na tafadhali, zile kapsuli za antibaiotiki zilizobaki kabatini ziache huko. Kipimo cha samaki aulizwe daktari wa mifugo.

Akilala ubavu, hataki kula, matamvua yanacheza kwa shida, kumpumzisha, yaani kumuua bila maumivu, ni huruma. Usimtupe chooni akiwa hai, wala usimweke kwenye friza. Tumia mafuta ya karafuu, haya haya ya jino: mililita 0.4 kwa kila lita ya maji. Yatikise kwanza na maji ya vuguvugu kwenye kichupa mpaka yawe meupe, kisha mimina taratibu. Atalala usingizi. Matamvua yakishatulia, mwache humo nusu saa nyingine. Ukishindwa mwenyewe, mlete, hatutozi.

Samaki mwingine tutakuuzia, ila siku ambayo maji ya tangi lako yatasoma 0.